Hii Dawa ya Mti Gani?

Wasomaji wangu, nimepotea. Najua. Wiki tatu hapa pamekaa kimya kama ofisi ya serikali siku ya Jumapili, na wawili watatu kati yenu mmeniuliza kama nimeolewa. Sijaolewa. Nilikuwa nasoma habari za sindano.

Mkasa wenyewe ulianza hivi. Wanaonijua kwa sura wanajua kwamba mashavu yangu yana makovu ya chunusi, vile vishimo vidogo vidogo ambavyo ukivipaka poda ndiyo kwanza vinaonekana. Nimeishi navyo tangu kidato cha pili. Mwaka huu nikapata vijisenti vya kazi fulani ya kutafsiri, nikasema na mimi niende nikatengenezwe. Nikaingia kwenye kliniki moja ya urembo hapa Dar (jina naliweka kapuni) kuulizia ile tiba ya kuchomwa uso kwa visindano vidogo vingi, ambayo wenyewe wanaiita maikronidlingi.

Dada wa mapokezi, mpole, kucha zimepangika, akanipa karatasi ya bei. Juu kabisa: visindano, na bei yake. Chini yake mstari, halafu kichwa cha maneno, "Nyongeza za Kuhuisha Ngozi". Kisha orodha: PRP ya damu yako mwenyewe, eksosomu, DNA ya samaki salmoni, vichocheo vya ukuaji, asidi ya hayaluroniki, vitamini C, seramu ya kung'arisha. Tatu kati ya hizo zilikuwa ghali kuliko visindano vyenyewe.

"Dada, unachukua nyongeza gani?" akaniuliza, kama muuza chipsi anayeuliza utaongeza mishkaki au kachumbari.

"Hii eksosomu inatokana na nini?"

"Imetoka Korea."

"Sawa, lakini imetengenezwa kwa kitu gani?"

Akatabasamu. "Dada, hii ndiyo mpya kabisa. Wateja wote sasa hivi wanachukua hii."

Nikaomba nilione boksi. Hakuwa mchoyo, akaleta. Pembeni, kwa herufi za kutafuta kwa kurunzi, pameandikwa kwamba hiki ni kipodozi, kwa matumizi ya juu ya ngozi tu. Juu ya ngozi! Na mimi nilikuwa naulizia tiba ambayo kazi yake ni kuitoboa ngozi. Nikashukuru, nikaaga, nikatoka.

Kwenye daladala nikamkumbuka bibi.

Bibi mzaa mama aliwahi kunipeleka kuchanjwa chale. Nilikuwa na miaka sita au saba, kifua kinanibana kila masika. Nakumbuka mambo mawili. La kwanza, bibi alikwenda na wembe wetu wenyewe, mpya, bado uko kwenye karatasi yake, ameufunga kwenye pindo la kanga. La pili, mzee alipotoa kile kichupa cha unga mweusi ili apake kwenye chale, bibi alimshika mkono. "Subiri kwanza. Hii dawa ya mti gani?" Mzee akautaja mti. Bibi akauliza umechimbwa wapi. Mzee akasema. Ndipo bibi akamwachia mkono.

Sisemi kwamba ile dawa ilinitibu kifua. Nasema bibi, aliyeishia darasa la nne, aliuliza maswali ambayo mimi mwenye shahada na kadi ya uandishi wa habari nilikaribia kusahau kuyauliza. Maana tukiacha taa nyeupe na kiyoyozi, jambo lenyewe ni lile lile: unatoboa ngozi, halafu unapaka kitu kwenye matundu. Basi nikaamua kila kilichokuwa kwenye ile karatasi ya bei nikiulize swali la bibi. Kimetoka wapi? Kilikusudiwa kupita wapi? Leo nawaletea nilichokiokota.

Tuanze na matundu.

Hapo New York mwaka 1995, madaktari wawili wa ngozi, Norman na David Orentreich, walieleza njia ya kuinua makovu yaliyodidimia: unaingiza sindano chini ya kovu, unakata zile nyuzi zinazolivuta chini, kovu linapanda. Waligundua kwamba jeraha dogo lenyewe linaifanya ngozi ijenge kitu kipya pale chini. Miaka miwili baadaye, 1997, wakatokea wawili wengine kule Montreal, Kanada, André Camirand na Jocelyne Doucet. Hawa kisa chao nakipenda zaidi. Walikuwa na wagonjwa wenye makovu meupe yaliyobaki baada ya upasuaji, wakawa wanayafunika kwa kuyachora tatuu ya rangi ya ngozi. Baada ya muda rangi ya tatuu ikapauka. Lakini makovu? Yalikuwa yamelainika na kuanza kurudisha rangi yake ya asili. Wakajiuliza: kama wino umeondoka na nafuu imebaki, wino ulikuwa na kazi gani? Wakachukua mashine ile ile ya tatuu, safari hii bila wino wowote, wakachoma. Makovu yakapata nafuu.

Ishikeni hiyo, wasomaji, tutairudia. Tiba hii ilizaliwa siku walipoiondoa nyongeza.

Aliyeifanya ienee duniani ni Mwafrika Kusini, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile kutoka Cape Town, Desmond Fernandes. Yeye alitengeneza kigurudumu chenye visindano vingi, unakibiringisha usoni badala ya kuchoma moja moja. Katika maandishi yake ya mwaka 2002 aliitangaza njia hii kuwa mbadala wa leza. Mwaka 2008, yeye na wenzake wa Ujerumani wakiongozwa na Matthias Aust walichapisha matokeo ya wagonjwa 480 waliotibiwa makovu, mikunjo na michirizi. Waliochukuliwa vipande vya ngozi vikapimwa walionekana wameongeza kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi kama nondo zinavyoshikilia zege.

Kwa nini inafanya kazi? Ukichomwa, damu kidogo inavuja chini ya ngozi. Chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu, zinakimbilia pale na kumwaga vichocheo vya ukuaji. Vichocheo vinaziita chembe zinazotengeneza kolajeni. Kwanza inajengwa kolajeni ya haraka haraka, kama jukwaa la miti la mafundi, kisha kwa miezi inabadilishwa taratibu na kolajeni imara. Ndiyo maana anayekwambia utaona matokeo yote wiki ijayo anakuuzia uvimbe. Uso uliovimba kidogo unaonekana umejaa, ukipungua vishimo vinarudi.

Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna sababu nyingine ya kuipenda. Leza nyingi na dawa za kubandua ngozi zinaiunguza au kuiondoa ile tabaka ya juu inayobeba rangi, na ngozi yetu ikikasirishwa hujibu kwa madoa meusi. Visindano vinapenya na kuiacha sehemu kubwa ya tabaka hiyo mahali pake. Hatari ya madoa ipo, lakini ni ndogo zaidi. Iliyobaki ni ile ya makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha, keloidi, ambayo sisi Waafrika tunapata zaidi kuliko wengi. Mwenye historia hiyo asikimbilie visindano.

Sasa, tundu likishakuwepo lazima atokee mtu wa kuliuliza: kwa nini lipotee bure?

Ngozi ni mlinzi mkali. Tabaka lake la juu kabisa, lililokufa, ni jembamba kuliko karatasi, lakini halipitishi ovyo. Watu wa dawa wana kanuni, iliyoandikwa mwaka 2000, kwamba molekuli yenye uzito unaozidi Dalton 500 haipiti kwenye ngozi nzima. Kolajeni ina uzito wa kama Dalton 300,000. Kwa hiyo ile krimu ya kolajeni uliyomnunulia mama, samahani, inakaa mlangoni tu. Mwaka 1998 watafiti wa chuo cha Georgia Tech kule Atlanta, Mark Prausnitz akiwemo, walichonga visindano vidogo kuliko unene wa unywele kwa silikoni, wakaonyesha kwamba ngozi iliyotobolewa navyo inapitisha kitu mara maelfu kuliko ngozi nzima. Wao walikuwa wanatafuta namna ya kumpa mtu dawa au chanjo bila bomba la sindano. Dawa safi, iliyopimwa, kipimo kinajulikana.

Biashara ya urembo ikasikia nusu ya habari. Mlango umefunguka! Ikaanza kutafuta vya kupitisha.

Hapo ndipo orodha ya yule dada inapoanzia. Tuichukue mmoja mmoja, tumuulize kila mmoja kwao wapi.

Asidi ya hayaluroniki ndiyo mzee wao. Mwaka 1934, Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliipata kwenye ule ute mwangavu ulio ndani ya jicho la ng'ombe. Jina limetokana na neno la Kigiriki la kioo. Ni kitu kilichomo mwilini mwetu wote, kwenye ngozi, kwenye viungo, na kazi yake kubwa ni kushika maji. Katika tiba ya visindano inasaidia vifaa viteleze na uso usikauke. Kama ni ile iliyotakaswa kwa ajili ya kuingia mwilini, haina ugomvi na mtu. Lakini haijengi kovu lililodidimia. Ni maji mazuri, tuishie hapo.

Vichocheo vya ukuaji vina hadithi ya panya. Stanley Cohen alikuwa anawachoma vitoto vya panya majimaji yaliyokamuliwa kwenye tezi za mate za panya wakubwa. Akaona kitu cha ajabu: vitoto vile vilifungua macho siku ya saba hivi, badala ya kungoja karibu wiki mbili. Mtu mwingine angeandika pembeni kisha akaendelea na kazi. Cohen alikifuatilia, na mwaka 1962 akaeleza protini inayohimiza ngozi kukua. Mwaka 1986 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini. Ni sayansi kubwa kweli kweli. Lakini kumbukeni nilichosema juu ya damu: mwili wako ukichomwa unaleta vichocheo vyake wenyewe, vyote, kwa mpangilio wake, bila risiti.

Na hapo ndipo PRP ilipopata wazo lake. Kama chembe sahani ndizo zenye vichocheo, basi tutoe damu ya mtu, tuizungushe kwa mashine mpaka chembe sahani zijikusanye, tumrudishie sehemu ile iliyokolea. Kwao PRP ni kwenye chumba cha upasuaji. Mwaka 1998 Robert Marx na wenzake walionyesha kwamba inasaidia mifupa iliyopandikizwa kwenye taya. Kutoka kwenye taya ikaenda kwenye magoti ya wanamichezo, kutoka magotini ikapanda usoni. Mwaka 2013 Kim Kardashian akaweka picha mtandaoni, uso umetapakaa damu, na dunia ikajifunza jina la "vampaya". Tangu hapo haikuhitaji tangazo lingine.

Eksosomu je, ile "iliyotoka Korea"? Kwao ni Montreal na St. Louis, mwaka 1983. Rose Johnstone na kundi lake wakichunguza chembe changa za damu ya kondoo, na Philip Stahl na lake wakichunguza za panya, wote waliona chembe zikitoa nje vifuko vidogo mno, ambavyo huwezi kuviona kwa darubini ya kawaida. Johnstone ndiye aliyevipa jina baadaye. Kwa miaka mingi wengi walidhani ni mifuko ya takataka, chembe inatupa isichokihitaji. Mwaka 2007 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walikuta ndani ya vifuko hivyo mna RNA inayoweza kusomwa na chembe nyingine. Takataka zikageuka barua. Ni jambo la kusisimua, na maabara nyingi zinalifanyia kazi kwa makini. Lakini barua, wasomaji wangu, inategemea nani kaiandika. Eksosomu za kitovu cha mtoto, za mafuta ya tumbo la mtu mzima, na za mmea wa waridi si kitu kimoja, hata kama boksi zina rangi moja. Ukiambiwa "eksosomu" tu, umeambiwa "bahasha".

Salmoni naye kwao ni Italia kabla ya Korea. Vipande vya DNA vinavyotolewa kwenye mbegu za samaki dume vilitumika kule kama dawa ya kusaidia vidonda kupona. Korea Kusini katika muongo wa 2010 ikavifanya sindano za uso, na sifa zikaenea. Vile vya kuchoma vimetengenezwa kuchomwa. Vile vya kwenye chupa ya seramu vimetengenezwa kupakwa. Jina moja, njia mbili.

Mpaka hapo mtasema mbona kila kitu kina asili ya heshima? Kweli kinayo. Tatizo linaanza njiani. Nina matukio matatu, yenye miaka yake.

Mwaka 2014 jarida moja la madaktari wa ngozi Marekani lilichapisha habari za wanawake watatu waliofanyiwa visindano kisha wakapata vipele vigumu usoni. Vipande vya ngozi vilipopimwa vilionyesha mwili unapigana na kitu kigeni kilichozikwa ndani. Wawili walipopimwa mzio, walionyesha kuikataa seramu ya vitamini C waliyopakwa. Vitamini C! Ile tunayokula kwenye chungwa. Seramu ile juu ya ngozi haikuwa na neno, lakini ina vihifadhi, ina manukato, ina vitu ambavyo mlinzi pale mlangoni kazi yake ni kuvizuia. Ukimwondoa mlinzi, vinaingia wote.

Mwaka 2018, Albuquerque, jimbo la New Mexico. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu anapimwa anakutwa na virusi vya UKIMWI. Hajawahi kujidunga, hajaongezewa damu, hana mwenzi mwenye virusi. Alichofanya ni kwenda spa moja isiyo na leseni kufanyiwa ile "vampaya". Wakaguzi walipofika walikuta mirija ya damu isiyo na majina juu ya kaunta ya jikoni na kwenye friji pamoja na chakula, na vifaa vya kutumia mara moja vikioshwa na kurudiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, uliwaunganisha watu watano wenye virusi vinavyofanana mno. Wanne walikuwa wateja wa spa ile na wa tano ni mwenzi wa mmoja wao. Watatu kati ya wateja hao inaelekea waliambukizwa pale pale. Wateja 59 waliitwa kupimwa kwa kuwa walikuwa hatarini.

Niliposoma hilo niliweka simu chini. Maana sisi somo hilo tulishafundishwa! Tanzania iliripoti wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983 kule Kagera, na kwa miaka mingi baadaye redio, mabango, walimu na wachungaji waliimba wimbo mmoja: usichangie wembe. Ndiyo maana bibi alikuja na wembe kwenye pindo la kanga. Mjukuu wake angekubali kukaa kwenye kiti cha ngozi bila kuuliza kama ile sindano imefunguliwa mbele yake, kwa sababu tu kuna kiyoyozi na muziki laini.

La tatu. Desemba 2019, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kama zenye eksosomu. Ikakumbusha kwamba hakuna bidhaa ya eksosomu iliyoidhinishwa. Hata leo naandika haya, bado haijaidhinisha hata moja. Wakati kifaa chenyewe cha visindano ilikiruhusu tangu Machi 2018, kwa makovu ya chunusi usoni. Mnaona? Waliokagua walipitisha sindano. Kimiminika bado kiko mlangoni.

Turudi kwa swali la Camirand na Doucet, lile la wino. Je, nyongeza zinaongeza kweli?

PRP ndiyo iliyopimwa zaidi, na jaribio moja limenikaa kichwani. India, 2016, wagonjwa 50 wenye makovu ya chunusi kama yangu. Kila mmoja uso wake uligawanywa nusu kwa nusu. Upande wa kulia visindano na PRP, upande wa kushoto visindano na maji yaliyotakaswa. Maji! Mwisho wa yote upande wa PRP makovu yalipungua kwa asilimia 62, upande wa maji asilimia 46. Kwa hiyo wanaosema PRP ni uongo mtupu wamekosea. Lakini piga hesabu ya dukani: karibu robo tatu ya matokeo yaliletwa na sindano na maji. Kilichobaki ndicho unacholipia, tena kwa sharti kwamba damu inayorudi usoni mwako ni yako kweli na haijalala kwenye friji karibu na mboga. Kwa eksosomu na wenzake, tafiti za kulinganisha usoni bado ni chache na ndogo, na nyingi zimefanywa kwa bidhaa moja moja, hivyo za bidhaa hii hazikwambii neno juu ya bidhaa ile.

Sasa niwarudishe nyumbani, kwenye mstari wa mwisho wa ile karatasi: seramu ya kung'arisha. Huu ndio ulionitisha kuliko wote. Tunaijua nchi yetu. Mkorogo tunaujua. Zebaki na haidrokwinoni zilishapigwa marufuku kwenye vipodozi, na bado zinapenya sokoni. Mtu akipaka vitu hivyo juu ya ngozi tunaona kinachompata. Je, akivipaka kwenye matundu maelfu yaliyo wazi? Na kisheria kuna ufa: tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, na dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, iliyokuwa TFDA. Chupa inaingia nchini kama kipodozi, inakaguliwa kama kipodozi, halafu ndani ya chumba chenye pazia inatumika kama dawa ya sindano. Karatasi zote ziko sawa. Aliyehama ni kimiminika.

Haya, utanikatisha, wewe mwandishi, tuchague nini basi? Mimi si daktari, nasema ninachofanya mimi. Nauliza maswali ya bibi. Ni mti gani: chembe za mtu, za samaki, za mmea, na jina kamili la bidhaa. Umechimbwa wapi: nani ametengeneza, na je, boksi linasema ni ya kuingia ndani ya ngozi au ya juu tu? Ikisema ya juu tu, mjadala umekwisha, hata kama imetoka Korea, hata kama imetoka mbinguni. Wembe ni wa nani: kichwa cha sindano kifunguliwe mbele ya macho yangu na kitupwe mbele ya macho yangu. Kama ni PRP, jina langu liandikwe kwenye mrija kabla damu haijatoka chumbani. Na swali moja ambalo bibi hakulihitaji: bila nyongeza hii, ningepata kiasi gani? Anayejua kazi yake atalijibu. Muuzaji atakwambia wateja wote wanaichukua.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa ngozi kwenye hospitali ya umma. Mama mtu mzima, miwani puani. Aliuliza kama kwetu kuna mwenye keloidi, akanikagua mabega na masikio, akauliza natumia krimu gani, akaniambia niziache zote. Nikamuuliza juu ya nyongeza. Akasema, "Mwanangu, tuanze na sindano. Tukiona ngozi yako inavyojibu, ndipo tuongee mengine." Alifungua pakiti mbele yangu bila kuambiwa.

Nimefanya mara moja, bado mara mbili au zaidi. Uso uliwaka kama niliojipaka pilipili, siku tatu nilijifungia ndani kama mwali. Vishimo bado vipo. Kolajeni haina haraka, na mimi nimeamua kutokuwa nayo.

Jana nikampigia bibi. Shikamoo, marahaba, habari za mjini, nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata.

"Wamekuchanja uso mzima?"

"Ndiyo bibi."

"Kwa wembe mpya?"

"Mpya, bibi. Nimeuona."

"Halafu wakakupaka nini?"

"Maji ya chumvi tu, bibi. Yale yaliyosafishwa, ya hospitali."

"Eeh," akasema. "Hayo nayajua."